Chifu wa Dedza

Theresa Kachindamoto alikuwa karani wa chuo mjini Zomba, nchini Malawi, kwa miaka 27. Mwaka 2003 aliitwa kwao Dedza akatawazwa chifu. Huko alikuta wasichana wa miaka 12 wamekwisha kuwa mama. Aliwasihi wazazi, lakini hawakumsikiliza, kwani walikuwa maskini, na binti akiolewa mlaji mmoja hupungua nyumbani.

Basi akashika nguvu za mila yenyewe. Aliwakusanya majumbe 50 walio chini yake, wakatia sahihi mapatano ya kukomesha ndoa za watoto. Wanne walioziachilia ziendelee akawauzulu, wala hakuwarudisha mpaka alipohakikisha kwamba ndoa hizo zimevunjwa. (Jumbe hukiogopea kiti chake kuliko onyo lo lote!) Wasichana walirudishwa shule, aliyekosa karo, chifu alimlipia au alimtafutia mfadhili. Wako waliomtishia kifo.

Sheria ya 2015 ilitaka umri wa miaka 18, lakini Katiba ilikuwa ingali yamruhusu mtoto wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mlango huo haukufungwa mpaka 2017. Wakati huo ndoa zaidi ya 850 zilikuwa zimekwisha vunjwa katika himaya yake.