Uso Usio na Lafudhi

Mwaka 1926 Dolores del Río alikuwa Mfaransa. Mwaka 1927 akawa Mrusi. Mwaka 1928 akawa chotara wa California mwenye damu ya wenyeji wa asili, na mwaka 1929 akawa msichana wa Acadia anayezunguka Amerika akimtafuta mchumba aliyetenganishwa naye na Waingereza. Kati ya hao wote, yeye hakuwa hata mmoja. Alikuwa Mmeksiko wa Durango, binti wa mkurugenzi wa benki, na alipowasili Hollywood mwaka 1925 hakujua Kiingereza. Hilo halikumsumbua mtu. Sinema ilikuwa bubu.

Kwa sisi tuliokulia kwenye sauti ni vigumu kuufikiria uhuru ule. Mwigizaji alifungua mdomo, kisha maneno yakatokea yameandikwa kwenye kibao katikati ya picha. Ukitaka kuiuza filamu Berlin au Buenos Aires, unabadilisha vibao, basi. Uso ulikuwa na kila kitu isipokuwa lafudhi. Katika masomo yangu ya uzamili nimezitazama filamu zake kwa mfuatano wa miaka, na sikuvutwa na urembo wake, ingawa umeandikiwa kurasa nyingi kuliko kazi yake. Nilivutwa na urefu wa safari. Alisimama mbele ya kamera kuanzia 1925 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na ukizipanga filamu hizo moja baada ya nyingine unaona, karibu mwaka kwa mwaka, jinsi sauti ilivyoamua nani aruhusiwe kuwa nani.

Jina lake kamili lilikuwa María de los Dolores Asúnsolo y López Negrete. Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1904 katika tabaka lililokuwa na mengi ya kupoteza, na Mapinduzi ya Meksiko yalipofika Durango, likayapoteza. Baba alikimbilia Marekani, mama akaenda na binti yake Mexico City, na huko msichana akasomeshwa na watawa wa Kifaransa. Mwaka 1921, kabla hajatimiza miaka 17, aliolewa na Jaime Martínez del Río, mtu wa ukoo mkubwa aliyemzidi kwa miaka 18. Kutoka kwa Jaime alipata jina tunalomjua nalo. Mwaka 1925 mwongozaji wa Hollywood, Edwin Carewe, alipita Mexico City, akamwona akicheza dansi nyumbani kwake, akawashawishi mke na mume wahamie California. Ndoa haikustahimili Hollywood. Jaime alifia Berlin mwishoni mwa 1928, wakati Dolores yuko kwenye kilele cha umaarufu.

Na kilele hicho kilikuwa cha kweli. Katika *What Price Glory* ya Raoul Walsh yeye ndiye Charmaine, msichana wa kijiji cha Ufaransa anayegombewa na wanajeshi wawili wa Kimarekani. Katika *Resurrection* ni Katyusha, mtumishi kutoka riwaya ya Tolstoy. Katika *Ramona* aliongozwa na Carewe, ambaye mwenyewe alikuwa na asili ya Wachickasaw, na akauimba wimbo wa filamu hiyo kwenye santuri. Kwa hiyo watu wengi waliisikia sauti yake kwanza kupitia sahani ya muziki, na sauti ya mwimbaji husamehewa mambo ambayo sauti ya mzungumzaji haisamehewi.

Filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, *The Bad One*, ilitoka mwaka 1930. Kuanzia hapo kila mhusika aliyepewa ilibidi awe na sababu ya kuzungumza vile. Huo ndio mstari unaogawa maisha yake ya Hollywood, nao hauonekani mpaka uutafute. Katika *Bird of Paradise* ya 1932 King Vidor alimfanya binti wa kisiwa cha Polinesia, na studio ikatatua suala la Kiingereza chake kwa kumpunguzia Kiingereza chenyewe: Luana anazungumza lugha ya kisiwani, kisha anajifunza maneno machache kutoka kwa mpenzi wake Mmarekani. Mwaka huohuo, katika *Girl of the Rio*, alikuwa mchezaji dansi wa mpakani, kwenye hadithi iliyowachora Wameksiko kwa dharau kiasi kwamba serikali ya Meksiko ililalamika. Katika *Flying Down to Rio* ya 1933 ni Mbrazili. Jina lake liko juu kabisa kwenye tangazo, lakini leo filamu hiyo inakumbukwa kwa sababu ya watu wawili walioandikwa chini yake, Fred Astaire na Ginger Rogers, waliocheza pamoja hapo kwa mara ya kwanza.

Filamu ninayoirudia zaidi ni *Madame Du Barry* ya 1934. Tuko Versailles, kwenye kasri la Louis wa 15. Mfalme ni Reginald Owen, Mwingereza, na anazungumza Kiingereza cha Kiingereza. Watumishi na mawaziri wanazungumza kila mtu Kiingereza cha kwao. Hakuna Mfaransa hata mmoja anayesikika kama Mfaransa, na hakuna anayeona ajabu. Lakini Dolores akifungua mdomo, mtazamaji anakumbushwa kuwa huyu ametoka mahali pengine. Miaka minane kabla alikuwa Mfaransa bila swali lolote.

(Waliokulia mbele ya tamthilia za Kimeksiko kwenye runinga zetu watakumbuka hali iliyo kinyume chake: midomo ikisema Kihispania, na Kiingereza kikitoka kwa mtu tusiyemwona. Tulizoea haraka. Waigizaji wale walirudishiwa ububu wao, wakawa wa kila mahali.)

Maisha ya nje ya kamera yalibaki ya fahari. Aliolewa mara ya pili mwaka 1930 na Cedric Gibbons, mkuu wa usanii wa MGM anayetajwa kuwa mbunifu wa sanamu ya Oscar. Diego Rivera alimchora mwaka 1938. Lakini majukumu yalipungua, na mwishoni mwa muongo huo ndoa nayo ilikuwa imechoka. Akaingia kwenye mapenzi na Orson Welles, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 11, akaigiza naye katika *Journey into Fear*. Mapenzi yalipokwisha alifungasha akarudi Meksiko. Anakaribia miaka 40, umri ambao studio za wakati ule zilimhesabia mwanamke kuwa amemaliza.

Alifika wakati mzuri. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeipa Meksiko bahati isiyotarajiwa: Marekani iliwanyima Waajentina mikanda ya kupigia filamu kwa sababu serikali yao ilikataa kuchukua upande, na ikaimwagia Meksiko, mshirika wake vitani. Studio za Mexico City zikawa na vifaa, fedha na soko zima la Amerika ya Kihispania. Emilio Fernández, mwongozaji ambaye mama yake alitoka kwa Wakickapoo, alikuwa akiunda kikosi: Gabriel Figueroa kwenye kamera, Mauricio Magdaleno kwenye mswada, Pedro Armendáriz kama mwigizaji wa kiume. Del Río akawa wa tano. *Flor silvestre* ilitoka mwaka 1943, kisha *María Candelaria*.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tusemavyo, na alitunzwa kweli. *María Candelaria* ilikuwa miongoni mwa filamu zilizogawana tuzo kuu katika tamasha la Cannes la 1946. Baadaye alipata tuzo ya Ariel mara tatu, na ile ya kwanza ilikuwa ya *Las abandonadas*. Lakini tuangalie alicheza nini. María Candelaria ni msichana maskini wa jamii ya wenyeji wa asili huko Xochimilco, kwenye mifereji na bustani za maua, mwaka 1909. Anatembea pekupeku, nywele zimesukwa, mali yake ni nguruwe mmoja mdogo. Kijiji kimemtenga kwa sababu mama yake alikuwa kahaba. Del Río alikuwa na miaka 39, binti wa tabaka lililokimbia mapinduzi ya watu wa namna hiyohiyo. Mpenzi wake kwenye filamu, Armendáriz, alikuwa mtoto wa mama Mmarekani na alisomea Marekani. Wenyeji wa Xochimilco hawakupata nafasi za mbele.

Halafu kuna sauti. Hatimaye anaigiza kwa Kihispania, lugha ya mama yake, ambayo hakuna wa kumsahihisha. Na kitu cha kwanza anachofanya ni kuweka lafudhi. Anazungumza polepole, kwa sauti ya kuimbaimba, kama mtoto mtiifu, kwa sababu ndivyo watu wa mjini walivyofikiri wenyeji wa asili huzungumza. Hollywood ilimwambia kwa miaka kumi kwamba mdomo wake unasaliti uso wake. Aliporudi kwao aliazima mdomo wa watu wengine.

Sisemi haya ili kumshusha. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi na bado inanikamata, mbingu zile za Figueroa na mtumbwi unaopita chini yake. Tena hadithi yenyewe inajua zaidi ya waliyoitengeneza. Mchoraji wa mjini anataka kumchora María akiwa uchi. María anakataa, anakimbia. Mchoraji ameshamaliza uso, basi anamalizia picha kwa mwili wa mwanamke mwingine. Wanakijiji wanaiona picha, wanautambua uso, wanaamini mwili ni wake pia, wanampiga mawe mpaka anakufa. Uso wa mtu mmoja umebandikwa kwenye mwili wa mwingine, na anayelipa ni yule asiye na la kusema. Sidhani Fernández alikusudia kuielezea kazi ya mwigizaji wake mkuu. Lakini imo mle ndani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Katika *La otra* ya Roberto Gavaldón mwaka 1946 alicheza pacha wawili, maskini anayemuua tajiri na kuchukua maisha yake, hadithi ambayo Bette Davis aliicheza upya Hollywood mwaka 1964. John Ford alikuja Meksiko kumpiga picha katika *The Fugitive*. Ndipo mwaka 1954 Hollywood ikamwita tena kwa *Broken Lance*, awe mke wa Spencer Tracy, mwanamke wa Kikomanchi. Kibali cha kuingia Marekani hakikutoka kwa wakati. Ilikuwa enzi ya msako wa wakomunisti, na yeye alikuwa amewasaidia wakimbizi wa Hispania waliomkimbia Franco. Jukumu likaenda kwa Mmeksiko mwingine, Katy Jurado, likampa uteuzi wa Oscar. Mlango ulikuwa na nafasi ya Mmeksiko mmoja kwa wakati, na hata huyo mmoja aliingia kwa sharti la kuwa Mkomanchi.

Aliporuhusiwa kurudi, sharti lilikuwa lilelile. Katika *Flaming Star* ya 1960 yeye ni Mkiowa, mama wa kijana chotara, na kijana huyo ni Elvis Presley. Miaka minne baadaye Ford alimweka kwenye *Cheyenne Autumn*, filamu yenye nia njema kuhusu Wacheyenne waliofukuzwa kwenye ardhi yao. Machifu wanachezwa na Ricardo Montalbán na Gilbert Roland, Wameksiko wote wawili. Wanaowafuata nyuma ni Wanavajo. Wacheyenne wenyewe ni wa kutafuta.

Aliolewa mara ya tatu mwaka 1959, na Lewis Riley, akaishi naye Coyoacán. Hakupata watoto. Katika miaka ya 1970 alisimamia uanzishaji wa kituo cha kulelea watoto wa waigizaji mjini Mexico City, mahali ambapo mama anayerekodi hadi usiku angeweza kumwacha mwanawe, akakisimamia kwa miaka kadhaa. Hiyo ni kazi ambayo vitabu vya sinema huipa mstari mmoja, na mimi nimeipa miwili. Alifariki Newport Beach, California, tarehe 11 Aprili 1983.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1978. Ni *The Children of Sanchez*, kutoka kitabu cha mwanaanthropolojia Oscar Lewis kuhusu familia maskini ya Mexico City. Baba ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Chihuahua ambaye naye Hollywood ilimzungusha mataifa yote. Dolores ni bibi. Filamu ilipigwa Meksiko, na kila mhusika ni Mmeksiko. Mbele ya kamera ya mwongozaji Mmarekani, zaidi ya miaka 50 baada ya Carewe, anacheza mwanamke wa Meksiko akiwa Meksiko, na anazungumza Kiingereza, kwa sauti yake mwenyewe.