Mambo ya kujua unapojiandaa na mtihani wa leseni ya uuguzi Tanzania

• Cheti cha chuo pekee hakikuruhusu kuhudumia mgonjwa.
• Hesabu za dozi na dharura za uzazi zinahitaji mazoezi ya kila siku.
• Kagua majina kwenye vyeti vyako mapema kabla ya kuomba.

Arusha. Joho umevaa, picha umeposti, na mama ameshawaambia majirani wa Sombetini kuwa nyumbani kwake sasa kuna nesi. Kisheria, bado.

Tanzania Bara, kazi ya uuguzi na ukunga inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC), chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mhitimu anatakiwa kufaulu mtihani wa Baraza, asajiliwe na apate leseni ndipo aanze kazi. Kuhudumia wagonjwa bila hivyo ni kosa kisheria, hata kama ulikuwa wa kwanza darasani.

Ndiyo maana mtihani huu una uzito mkubwa kwa familia nyingi. Ada ya miaka mitatu ya stashahada imeshalipwa, lakini matangazo ya ajira za afya serikalini huwataka waombaji waliosajiliwa na Baraza. Usipofaulu, unasubiri.

Haya ndiyo mambo ya msingi ya kuzingatia.

1. Jua unaomba ngazi gani

Wenye astashahada huingia kwenye daraja la wauguzi wanaoandikishwa. Wenye stashahada na shahada huingia kwenye daraja la wauguzi wanaosajiliwa. Ukikosea ngazi wakati wa kuomba, unajitafutia usumbufu.

Pia usichanganye usajili na leseni. Usajili unaonyesha kuwa jina lako limeingia kwenye daftari la Baraza. Leseni ndiyo inayokuruhusu kufanya kazi, na huhuishwa kila muda wake unapokwisha.

2. Maliza mambo ya karatasi kwanza

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na vyeti vya chuo. Soma majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema "Neema J." na kingine kimeandika jina la kati lote, au herufi moja imekosewa, anza kushughulikia sasa. Marekebisho ya majina huchukua muda, na dirisha la maombi halitakusubiri.

Tarehe, ada na vituo vya mtihani chukua kwenye tangazo la Baraza lenyewe, kwenye tovuti ya tnmc.go.tz. Usitegemee picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, maana inaweza kuwa ya mwaka jana.

3. Fanya hesabu za dozi kila siku

Hapa ndipo wengi hupoteza alama, na wodini ndipo mgonjwa anaweza kupoteza maisha. Nukta ikisogea hatua moja, dozi inaongezeka au kupungua mara 10.

Mfano wa dripu: mgonjwa anatakiwa kupata mililita 1,000 kwa saa 8, na seti inatoa matone 20 kwa kila mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, upate matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: ni takriban matone 42 kwa dakika.

Mfano wa mtoto: ana kilo 12 na ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Dozi ni miligramu 180. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, utampa mililita 7.5.

Fanya hesabu 5 kila asubuhi bila kikokotoo. Kisha jiulize: jibu hili lina mantiki? Ukipata mililita 75 kwa mtoto huyo, rudi mwanzo.

4. Dharura za uzazi zijue kwa mpangilio

Usikariri majina ya dawa tu. Jua kipi kinaanza, kipi kinafuata na kwa nini.

*Kutokwa damu baada ya kujifungua.* Kinga ya kawaida ni oxytocin yuniti 10 kwa sindano ya msuli mara mtoto anapozaliwa. Kwa miaka mingi kipimo cha tatizo kimekuwa damu ya mililita 500 au zaidi. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa kuipima damu kwa mfuko maalumu na kutoa matibabu yote kwa pamoja kunaokoa wengi: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, tranexamic acid, maji ya mshipa, kumchunguza mama na kuita msaada.

*Kifafa cha mimba.* Dawa kuu ni magnesium sulphate. Kabla ya dozi inayofuata, hakikisha mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi, kiuasumu chake ni calcium gluconate.

*Mtoto asiyepumua.* Mkaushe, mpe joto, safisha njia ya hewa ikihitajika, na kama bado hapumui anza kumpa hewa kwa ambu ndani ya dakika ya kwanza. Usisubiri alama ya Apgar ya dakika ya kwanza ndipo uanze.

5. Swali likikuchanganya, anza na hatari

Maswali mengi ya uuguzi huuliza ufanye nini kwanza. Majibu mawili yanaweza kuwa sahihi, ila moja linatangulia. Fuata mpangilio huu: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, kisha mengine.

Kwa mtoto mgonjwa, tafuta dalili za hatari kabla ya yote: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana au amepata degedege, amelegea sana au amepoteza fahamu.

Ujuzi huu haukomi Tanzania. Mtihani wa Marekani, NCLEX-RN, unaofanyika kwa kompyuta tangu mwaka 1994, nao hupima uamuzi: una maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5, na programu huchagua swali linalofuata kulingana na ulivyojibu.

6. Panga wiki 8

Wiki ya 1 na 2: misingi ya uuguzi, usafi wa mikono, kinga ya maambukizi na hesabu. Wiki ya 3 na 4: magonjwa ya watu wazima na upasuaji. Wiki ya 5 na 6: uzazi na watoto. Wiki ya 7: afya ya akili, afya ya jamii, maadili na sheria. Wiki ya 8: maswali tu, kwa muda uliopangwa.

Someni wawili au watatu. Mmoja aeleze, mwingine amkosoe. Kama ulifanya mafunzo kwa vitendo Mount Meru, Selian au Nkoaranga, mkumbuke mgonjwa halisi uliyemwona na ujiulize alihudumiwaje na kwa nini. Mada hushika zaidi namna hiyo kuliko kurasa 20 za notsi.

Ukiwa kwenye kifodi kati ya Mbauda na mjini, hesabu mbili zinakamilika bila kutumia bando.

7. Kimbia wauza mitihani

Anayekuahidi karatasi "iliyovuja" anataka pesa yako. Ikiwa ni ya uongo umetapeliwa, na ikiwa ni ya kweli umeingia kwenye udanganyifu ambao unaweza kukufungia mlango wa taaluma.

Na ukishindwa? Cheti chako cha chuo kinabaki palepale. Angalia ulipoanguka, fuata utaratibu wa Baraza wa kurudia, na usikubali kushika zamu peke yako zahanati yoyote wakati unasubiri. Likitokea la kutokea usiku, hutakuwa na leseni ya kukulinda, na mgonjwa ndiye atakayeumia kwanza.