UZI: Elfu mbili ya wazee ilitoka wapi, na nani anawaogesha?

Kila kampeni lazima mtu apande jukwaani aahidi kuongeza pesa za wazee. Makofi. Hebu kwanza turudi nyuma kidogo.

1965 tulianzisha NSSF. Vizuri, lakini ilikuwa ya walioajiriwa. Mkulima, mvuvi na mama mboga wakizeeka walikuwa mzigo wa watoto wao. Hiyo ndiyo ilikuwa sera, hata kama hakuna aliyeiandika.

Miaka ya 2000 serikali ikaanza kujaribu kuwapa pesa wazee wachache maskini. Kiwango kikapanda hadi 2,000 kwa mwezi. 2018 mlango ukafunguliwa kwa wa miaka 70 kwenda juu wasio na pensheni. Unga umepanda mara ngapi tangu hapo? 2,000 ni ile ile.

Katikati kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia NA serikali. Hiyo "na" mimi huisoma mara mbili.

Nyanya yangu alipooza upande mmoja. Pesa zilikuja (zikichelewa, lakini zilikuja). Aliyemgeuza kitandani usiku ni shangazi, baada ya kufunga kibanda chake cha mitumba. Miaka minne. Jina lake kwenye fomu lilikuwa la mtu wa kumchukulia nyanya pesa, basi. Na ukisema uajiri msaidizi kwa mshahara wa chini wa kisheria wa Nairobi, 2,000 haimalizi wiki.

2023 wakaja wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000, posho 5,000 ikigawanywa kati ya kaunti na serikali kuu. Wa kwetu ni mtu mzuri sana. Alipima presha na sukari, akajaza kwenye simu, akaenda nyumba nyingine. Kuogesha si kazi yake, na ana karibu nyumba 100.

Hapo ndipo mpira hupotelea: afya ya mashinani ni ya kaunti, pesa za wazee ni za Nairobi, na kumtunza mzee nyumbani hakuna anayesema ni kwake.

Kwa hivyo mwaniaji akija kwenu na 3,000 mdomoni, mwulize ni ofisi gani itamlipa anayeamka saa nane usiku.

Shangazi sasa ana miaka 61. NSSF hajawahi kuchangia hata shilingi.