Fani, Maudhui na Uhuru wa Kujaribu: Mashindano ya Filamu ya Knokke, 1949–1974

Mgogoro wa fani na maudhui, ambao umewashughulisha wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu, si wa fasihi andishi peke yake. Historia ya mashindano ya filamu za majaribio nchini Ubelgiji inaudhihirisha vilevile, na inatoa fundisho ambalo mhakiki hana budi kulizingatia.

Mashindano hayo yaliasisiwa na Jacques Ledoux, mhifadhi wa hazina ya filamu mjini Brussels. Yalifanyika mara 5 tu: 1949, 1958, 1963, 1967 na 1974. Isipokuwa yale ya 1958, yote yaliandaliwa Knokke, mji wa starehe ulio pwani. Shabaha yake ilikuwa kuwapa jukwaa wasanii ambao soko la sinema halikuwajali. Mwaka 1958 tuzo kuu iliiendea filamu ya *Dom* ya Walerian Borowczyk na Jan Lenica. Naye Roman Polanski, akiwa bado mwanafunzi, alipata nishani ya shaba. Hayo yalitukia Brussels wakati wa Maonyesho ya Dunia, ambamo Wakongo waliwekwa katika "kijiji" ili wageni wawatazame, hata wakaondoka kabla ya maonyesho kwisha kwa sababu ya kudhalilishwa. Hivyo basi, uhuru wa kujaribu ulisherehekewa pale pale ambapo Mwafrika alikuwa kitu cha kutazamwa.

Mipaka ya uhuru huo ilijitokeza tena mwaka 1963. *Flaming Creatures* ya Jack Smith ilizuiwa kuonyeshwa hadharani kwa hoja kwamba ingevunja sheria ya maadili. Jonas Mekas alijiuzulu kutoka jopo la waamuzi, akaionyesha faraghani hotelini.

Hata hivyo, mgogoro mzito zaidi ulizuka mwishoni mwa 1967. Tuzo kuu ilitolewa kwa *Wavelength* ya Michael Snow, filamu ya dakika 45 ambamo lenzi inasogeza taswira polepole kutoka upande mmoja wa chumba hadi kwenye picha ya mawimbi iliyobandikwa ukutani. Wanafunzi kutoka Berlin, akiwamo Harun Farocki, waliandamana ukumbini. Kwao, sanaa iliyojishughulisha na umbo ilhali vita vikiendelea Vietnam ilikuwa imeukwepa ukweli.

Shutuma hiyo ilikuwa na uzito, lakini haikutosha. Katika mashindano hayo hayo ilituzwa *The Big Shave* ya Martin Scorsese, kijana wa miaka 25, iliyopigwa kwa mikanda aliyopewa kwa msaada wa Ledoux. Kijana mmoja ananyoa ndevu katika bafu jeupe. Anaendelea kunyoa hadi damu inamtiririka, wala haonyeshi maumivu. Hakuna askari wala hotuba. Maandishi ya mwisho tu ndiyo yanayotaja Vietnam na mwaka 1967. Weupe wa bafu, utaratibu wa wembe na utulivu wa mnyoaji ndivyo vinavyobeba hoja. Ukiviondoa, hakuna maudhui yanayosalia.

Mwaka 1974, mashindano yalipofanyika kwa mara ya mwisho, Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichomi*, na ushairi wake usiofuata vina na mizani ukashutumiwa kuwa si ushairi. Mazingira yalitofautiana, na shutuma pia: huku fani ilidaiwa kupuuzwa, kule kuabudiwa. Lakini pande zote mbili zilitoa hukumu kabla ya kuuliza umbo jipya linasema nini. Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia.