Wasichana watatu waliozaliwa na soda

Nyuma ya kumbi za harusi za Mbezi Beach, Jumamosi mchana, hukosi kuwakuta wapambe wakijifua. Wasichana sita wamevua viatu virefu, simu iko juu ya meza ya plastiki inapiga wimbo, na matroni anahesabu: mbele mbili, geuka, mkono kiunoni, tena. Usiku MC akishawatangaza, wataingia ukumbini kwa hatua hizohizo, nyuso zimekauka kana kwamba hakuna aliyewahi kukosea.

Wanawake kucheza kwa safu wakiwa na sare si jambo la jana hapa pwani. Vikundi vya lelemama vilikuwapo zamani, na Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla hajaingia TANU mwaka 1955 na kuvitumia vikundi vya aina hiyo kuwavuta wanawake wa Dar es Salaam kwenye siasa. Kwa hiyo mtu asituambie kundi la wasichana ni mambo ya Wazungu. Kilichokuwa kigeni ni biashara yake: kuwachagua wasichana mbele ya kamera, kuwapa jina, wimbo na nguo, kisha kuwapeleka sokoni. Hiyo ilitufikia mwaka 2004 kwa jina la Coca-Cola Popstars.

Wazo lenyewe lilianzia New Zealand mwaka 1999. Kipindi cha televisheni kilichoitwa Popstars kiliunda kundi la wasichana watano, TrueBliss, na wimbo wao wa kwanza, "Tonight", ukashika namba moja nchini humo. Baada ya hapo kila nchi ilitaka lake. Ujerumani ikapata No Angels, Brazil ikapata Rouge, Uingereza ikapata Girls Aloud mwaka 2002. Afrika Mashariki mdhamini alikuwa kampuni ya soda, na kila nchi ikatoa kundi la watu watatu. Kenya walikuja na Sema: Sanaipei Tande, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Sisi tukatoa Wakilisha: Langa Kileo, Witness Mwaijaga na Sarah Kaisi, yaani Shaa. Uganda peke yake ndiyo iliyotoa wasichana watupu, Lillian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cinderella Sanyu. Wakaitwa Blu*3.

Nyimbo zao za mwanzo, "Hitaji" na "Frisky", zilikuja wakati mzuri. Televisheni ya East Africa, yenye studio zake Mikocheni, ilikuwa ikionekana Nairobi na Kampala pia, na kijana wa Mbezi aliweza kukaa sebuleni akaangalia video za miji yote mitatu kwa mkupuo mmoja. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa bado nyembamba, foleni ya Mwenge ilikuwa ileile, lakini muziki ulikuwa hauna mpaka wa Mutukula.

Ukiwatazama Blu*3 kwenye video, utaona utatu ulivyofanya kazi. Mmoja anashika ubeti, wawili wanamjibu kwa sauti za juu na chini, kisha anayeongoza anarudi nyuma bila kuvunja hatua na mwingine anasogea mbele. Jicho halipati nafasi ya kuchoka. Msanii mmoja analazimika kujaza dakika nne peke yake. Watatu wanazigawana, na kila shabiki anachagua wa kwake. Mbinu hiyo imewalisha watayarishaji wa muziki tangu enzi za The Supremes kule Detroit.

Shida huanza kwenye hesabu. Malipo ya shoo moja yakishakatwa ya meneja, kinachobaki kinagawanywa kwa tatu, wakati nguo ni pea tatu, nywele vichwa vitatu, na nauli vilevile. Blu*3 walikuwa na bahati ya kuwa na Steve Jean wa Fenon Records, meneja na mtayarishaji ambaye hakuwaachia mkono kipindi cha televisheni kilipokwisha. Ndiyo maana mwaka 2009 walikuwa bado pamoja wakitoa "Where You Are" pamoja na waimbaji Radio na Weasel. Mwaka uliofuata Cinderella akaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Mya Baganda, lakini moto haukuwaka tena kama zamani. Naye aliyeondoka, kwa jina la Cindy, akawa mmoja wa wasanii wakubwa wa kike Uganda.

Dar hatukufika hata huko. Wakilisha walitamba na "Unaniacha Hoi", kisha kila mmoja akashika njia yake. Langa akawa mchanaji wa "Matawi ya Juu". Alifariki Juni 2013. Mwaka huohuo Shaa alitoa "Sugua Gaga", wimbo wa kucheza ambao, kwa sikio langu, ungelitosha kundi zima la wasichana.

Kwa nini hatukupata Blu*3 yetu? Si kwa kukosa sauti. Makundi ya Bongo Fleva yaliyotikisa yalitoka mtaani, na mtaa ulikuwa wa wavulana. Temeke ilitupa kundi lililojiita TMK Wanaume, jina lisilohitaji maelezo. Msichana alikaribishwa studio kuimba kiitikio, akimaliza anarudi nyumbani. Hata milango ilipofunguka, ilifunguka kwa mmojammoja. Tanzania House of Talent, iliyoanzishwa Kinondoni mwaka 2005 chini ya Ruge Mutahaba, iliwatoa Mwasiti, Linah na Ruby, kila mmoja na jina lake. Bongo Star Search nayo ilikuwa ikisaka mshindi mmoja. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoamua mambo kuliko ladha ya wasikilizaji: tulijenga viwanda vya kuzalisha nyota wa pekee, na nyota wa pekee ndio waliotoka.

Safu yenyewe haikufa. Mwanamke akipanda jukwaani leo, Mlimani City au Leaders, mara nyingi ana wasichana wawili au wanne nyuma yake, sare moja, hatua moja. Ila maikrofoni ni moja, na wale wa nyuma hulipwa kwa shoo.