Boma Lililojengwa kwa Michango

Mji wa Kalemie ulianza kama kituo cha chama cha watu wa kujitolea. Tarehe 15 Agosti 1888 Kardinali Lavigerie alihubiri Bruxelles juu ya biashara ya watumwa pande hizi za Ziwa Tanganyika, na mwaka huohuo Wabelgiji wakaunda Chama cha Kupinga Utumwa. Kilikuwa na jarida lake, kilichangisha waumini, kisha kikatuma maofisa wa jeshi.

Mmoja wao, Kapteni Jules Jacques, alitembea na wapagazi kutoka pwani ya mashariki hadi ziwani mwaka 1891. Alikaribishwa Mpala, kando ya ziwa. Huko Ludovic Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa akilinda vijiji tangu 1887, na alikwisha kuoa binti wa huko, Agnes Atakao. Kisha Jacques akajenga boma, akaliita Albertville kwa heshima ya Mwanamfalme Albert wa Ubelgiji; Kalemie ilibeba jina hilo kabla ya jina lake la leo.

Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, hakukubali. Mwaka 1892 watu wake walisimamisha maboma yao ya miti jirani kabisa, wakawazingira wenyeji na wageni kwa miezi. Ofisa Vrithoff aliuawa. Misafara mingine ya chama, pamoja na ule wa ofisa Descamps, ndiyo iliyoleta nafuu.

Majina ya maofisa yamehifadhiwa vitabuni. Wapagazi waliobeba risasi mabegani, na wakimbizi waliojenga vibanda vyao chini ya ulinzi wa boma, wanastahili heshima hiyohiyo: wao ndio raia wa kwanza wa mji huu.