Ngoma ilivyoruhusiwa kuingia kanisani

Tarehe 22 Novemba 1903, Papa Pio wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa. Alipiga marufuku piano pamoja na ala za kelele, akizitaja ngoma na matoazi. Ogani ndiyo iliyobaki na heshima yake. Kwa Waafrika waliokuwa wakibatizwa miaka ile ujumbe ulikuwa mmoja: ukienda kusali, ngoma iache nyumbani.

Wamisionari wengi hawakuhitaji hata kuambiwa. Kwao ngoma ilinuka pombe, unyago na matambiko. Misa basi ikasomwa kwa Kilatini, padre akiielekea altare na kuwapa watu mgongo, sehemu kubwa ya sala akiinong'ona. Waamini walipiga magoti wakisali rozari, kila mtu kivyake, mpaka mtumishi wa altare atikise kengele. Hapo waliinua macho kuitazama Hostia, kisha wakarudi kwenye rozari zao. Ibada ilikuwa kazi ya padre, wao walihudhuria.

Zamani haikuwa hivyo. Mtakatifu Yustino, akiandika Roma karibu mwaka 155, anasimulia Jumapili ya Wakristo: maandiko yanasomwa, kiongozi anahutubia, wote wanasimama kusali, mkate na divai vinaletwa, watu wanaitikia Amina, na wenye nacho wanachangia yatima na wajane. Hakuna aliyekuja kutazama.

Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, na kwaya yake ya wavulana na walimu waliimba Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini sauti na mapigo vilikuwa vya Kongo, ngoma zikiongoza. Mwaka huohuo kwaya hiyo ilizuru Ulaya.

Miaka mitano baadaye sheria yenyewe ikageuka. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa mmoja wa washiriki wake, ulipitisha Katiba ya Liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Ilidai waamini washiriki kikamilifu, kwa kuelewa na kwa matendo. Lugha za watu zikafunguliwa mlango, na muziki wa asili wa mataifa ukatambuliwa kuwa unafaa kumsifu Mungu.

Kongo, ikiitwa Zaire wakati ule, ilikwenda mbali zaidi. Baada ya juhudi ndefu za maaskofu wake, akiwemo Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa, Roma iliidhinisha misale yao mwaka 1988. Humo wahenga waadilifu wanaombwa pamoja na watakatifu, toba na kutakiana amani vinafuata mahubiri, na wahudumu wanacheza wakiizunguka altare. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliongoza Misa ya namna hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro.

Hata hivyo, ngoma peke yake haileti ushiriki. Siku hizi parokia nyingi zina kwaya hodari, vinanda vya umeme na spika kubwa, na waamini wanaweza kumaliza Misa nzima wakisikiliza tu. Kipimo cha Mtaguso kinawahusu walio kwenye mabenchi: je, wameimba, wameitikia, wamesali pamoja? Kwaya inayowanyima nafasi hiyo imewarudisha walikokuwa enzi za Kilatini, hata ikipiga ngoma kumi.